Jiwe Ambalo Melania Hakulirusha

Kila asubuhi Siwema alimsaidia mama yake kuanika dagaa kwenye mchanga wa ufuko wa Ujiji. Kisha, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alichukua baiskeli ya baba yake akashika njia ya Simbo kwenda kuchimba mihogo. Nyuma yake, akiwa amefungwa kamba kwenye keria, alikimbia Jabali, ulimi nje.

Jabali alikuwa mtoto wa mbwa, ingawa ukimwona usingeamini. Mama yake alikuwa jibwa la kigeni lililolinda ghala la chakula cha wakimbizi. Jabali hakuwa ametimiza nusu mwaka, na tayari mgongo wake ulimfika Siwema mapajani.

"Mbwa wetu wote walifuata baiskeli mpaka Simbo," baba alizoea kusema. "Hakuna aliyekufa."

Siwema akaongeza mazoezi yake mwenyewe. Jioni alimpandisha Jabali kwenye mtumbwi uliovutwa ufukoni, akamwamuru aruke kwenye mawe, tena na tena. Dagaa wa mama walikuwa wakipungua mchangani, naye alitaka mbwa wa kumrarua mwizi. Mwizi mwenyewe hakuna aliyemjua, lakini tangu vita vifike Uvira, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, na boti zianze kushusha watu, kila kilichopotea Ujiji kilisemekana kimeibwa na mkimbizi. Hata ndoo iliyotoboka ilikuwa na mkimbizi wake.

Siku moja Siwema alirudi kutoka dukani akamkuta Jabali amelala karibu na bomba la maji, analia. Pembeni yake alichuchumaa Melania, msichana wa rika lake kutoka Uvira, aliyepanga na mama yake chumba cha nyumba ya jirani. Alikuwa ameushika mguu wa mbwa.

Damu ilimchemka Siwema. "Umempiga jiwe mbwa wangu!"

"Sikumupiga miye!" Melania alisimama. "Nilimukuta hivi. Anachechemea tangu juzi, hukuona?"

"Mwongo! Mwizi wa dagaa wewe!"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha ndoo zao. Mmoja alidai amemwona Melania na jiwe, mwingine akasema mawe mawili. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Dismasi, alipofika, hasira ilikuwa imeshakata shauri. Kesho yake Melania na mama yake wangepelekwa kambini. Siwema aliona wamepata haki yao.

Alasiri mama alimwita bwana mifugo, Selestini. Alimpapasa Jabali kutoka begani hadi kwenye kucha. Alipokunja mguu wa kushoto, mbwa alilia. Alipokunja wa kulia, akalia pia.

"Hana jeraha wala alama ya kupigwa," alisema. "Anaumia kwenye maungio, miguu yote miwili ya mbele. Nani anamkimbiza mbwa huyu?"

Baba alijibu kwa ukali kidogo, "Anafuata baiskeli kama mbwa wengine."

"Huyu si kama wengine, ndugu yangu! Mbwa wetu ni wepesi, wanakomaa upesi. Huyu atakuwa mzito kama beberu, na mifupa yake bado inakua. Kwenye maungio bado ni laini. Mkimfunga kamba atapumzikaje akichoka? Je, anarukishwa pia?"

Siwema alitazama chini. Alikumbuka mawe, na jinsi Jabali alivyosita juu ya mtumbwi naye akamsukuma. Hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilimgeukia mwenyewe.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye ninayemrukisha. Melania hakumpiga. Sikumwona na jiwe lolote."

Mama alimtazama kana kwamba hamjui. "Na umewaacha watu wafungashe mizigo?" Alimshika mkono. "Ulipiga kelele bombani, utasema kweli bombani, mbele ya watu walewale!"

Wanawake walikuwepo, na Mzee Dismasi aliitwa. Siwema alisema yote. Waliosema waliona mawe walianza kushughulika na ndoo zao. Mzee alifuta safari ya kambini palepale, uso umekunjamana kwa aibu.

"Nisamehe, Melania," Siwema alisema.

Melania hakutabasamu. "Mbwa yako itapona," alisema. "Jina yangu itapona lini?" Akabeba ndoo yake akaondoka.

Jabali alipumzishwa kama bwana mifugo alivyoagiza. Baadaye alitembezwa polepole, matembezi mafupi, akacheza kwenye majani kwa hiari yake na kulala alipochoka. Hakushindiliwa chakula ili anenepe haraka. Kamba ilitolewa kwenye keria, na baba hakuitaja tena Simbo. Kuchechemea kukaisha. Jioni moja Melania alipita uani, akasimama, akamkuna Jabali sikio. Kisha akaenda zake bila kumtazama Siwema.

"Bado ana hasira na mimi, mama," Siwema alilalamika.

"Ni haki yake," mama alijibu, akikung'uta mchanga kwenye dagaa. "Mtoto wa mbwa ulimlazimisha awe mkubwa kabla ya wakati, ukamuumiza. Melania ulimhukumu kabla ya kuuliza, ukamuumiza zaidi. Sasa nenda bombani kampokee ndoo. Na kesho pia nenda, hata asipokushukuru."

Siwema akaenda.