Skrubu Mbili za Sanduku la Adolfu

Adolfu, bingwa wa mazingaombwe, alikuwa bado amejikunja ndani ya sanduku lake la mbao, upanga wa saba umemwingia chini ya kwapa. Ukumbi wa Malangali ulikuwa mtupu, viti vimepinduka ovyo. Nje, watu walishakubaliana kuwa ni uchawi. Kilichobaki ni kugawana majina ya wachawi.

Inspekta Rosina hakuwa na muda wa majina hayo. Alilizunguka sanduku mara ya tatu, miguu haitulii.

"Nani aliyechoma panga?"

"Mimi, afande." Salome, mke wa marehemu, alisogea mbele. "Nachoma mimi siku zote. Nikishafunga mlango, yeye anasukuma ubao wa nyuma, anajibanza kwenye uwazi. Panga zinapita patupu."

"Uwazi huo anaujua nani mwingine?"

"Mzee Teodori, fundi seremala wa Kaengesa. Walikuwa washirika. Mume wangu alisema redioni kwamba sanduku amelibuni yeye. Mzee anadai ni lake. Wamenuniana tangu Pasaka."

"Leo alikuwepo?"

"Alikuja mapema, akasaidia kupanga viti."

Bado aliyeshika upanga ni Salome. Akawekwa mahabusu na mtoto wake wa miezi minne mgongoni. Mkuu wa upelelezi wa mkoa alimpigia Rosina simu: kesho saa tisa alasiri mama huyo ashtakiwe kwa mauaji au aachiwe. Rosina aliumia moyoni kila alipomfikiria yule mtoto kwenye sakafu ya saruji.

Asubuhi aliacha chai nusu kikombe, akarudi ukumbini na Koplo Yusto. Ubao wa nyuma uligoma kusogea. Chini yake akaona skrubu mbili mpya, zimekazwa kwa nje. Yusto akazipiga picha. Alipofungua moja ilitoka kwa ulaini, imepakwa nta ya nyuki. Tena mistari ya vichwani mwa zote mbili ilikuwa imesimama wima, sawasawa.

"Mtu anaua huku anapanga skrubu zipendeze?" Yusto alishangaa.

"Mkono ndio uliopanga. Mwenyewe hana habari. Twende."

Njiani alisimamisha gari sokoni, akanunua bawaba na skrubu zake. Upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio walipofika kwenye karakana ya Mzee Teodori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unifungie bawaba hii kwenye ubao."

Mzee Teodori alichukua skrubu, akaiviringisha kwenye bonge la nta, akaikaza. Kisha akairudisha kidogo, mpaka mstari ukasimama wima. Ya pili vilevile. Rosina aliweka kando yake mfuko wa ushahidi wenye skrubu ya sandukuni, na picha.

Mzee alitazama. Bisibisi ikamtoka mkononi.

"Una haki ya kunyamaza, mzee," Yusto alisema. "Utakalosema litaweza kutumika mahakamani."

"Zile ni zangu." Alikaa juu ya benchi la kazi. "Sikutaka afe. Nilitaka akwame, apige kelele, afunguliwe mbele za watu, aseme nani fundi. Nimelitoa kichwani mwangu sanduku lile! Yeye anazunguka mpaka Matai anajiita mbunifu."

"Nimesoma, mzee. Huko ng'ambo masanduku ya namna hii yapo zaidi ya miaka mia, na wenyewe bado wanagombania nani alianza."

"Mimi sikuona kwa mtu."

"Nakuamini."

Ilikuwa saa saba na nusu. Rosina alipiga simu kituoni: "Mtoeni Salome. Sasa hivi." Kisha akatoa pingu. Alimhurumia mzee huyu, na alikasirika kwa kumhurumia.

"Lakini kwa nini hakupiga kelele?" Teodori aliuliza. "Panga sita zilimkwaruza. Angeita tu! Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nasubiri aite."

"Angeita, sanduku lingefunguliwa. Ukumbi mzima ungeona ubao unavyofanya kazi."

"Basi si ubao ungeonekana tu?"

"Hakutaka uonekane, mzee. Alidhani atajikunja zaidi, panga zipite, siri ibaki."

Teodori alinyoosha mikono yake miwili ifungwe.

"Siri yangu," alisema. "Yule mwizi amekufa anaitunza siri yangu."