Haikuwa Chokea

Fundi mageti alirudi kutoka kazini kope ya jicho la kulia imevimba. Mkewe alimtazama akacheka.

"Umemchungulia nani huko, baba watoto?"

"Nimchungulie nani? Nilikuwa nakata bomba, kitu kikanirukia jichoni."

"Hiyo chokea tu. Nitakukanda."

Chokea aliijua. Watoto wake wote aliwakanda wakapona. Basi kila asubuhi alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakandamiza na kusugua. Mume aliuma meno, machozi yakimtoka.

"Vumilia, inaiva hiyo," mke alisema.

Siku ya sita mume alifumba jicho la kushoto, akamgeukia. "Mama watoto, sikuoni. Naona ukungu mtupu."

Hapo ndipo walipokwenda zahanati. Muuguzi aliigeuza kope, akamulika kwa tochi.

"Hii si chokea, mama. Kuna kipande cha chuma humu ndani. Baba, miwani ya kazi hukuvaa?"

"Imetundikwa msumarini kazini," fundi alijibu. "Inaniletea joto."

Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akapasua kope kidogo, akakitoa chuma na kushona nyuzi mbili. Hata nusu saa haikufika. Chuma chenyewe kilikuwa kama ncha ya sindano.

"Kwa hiyo ataona vizuri?" mke aliuliza.

Muuguzi hakumficha. "Kila alipopepesa, chuma kilikwaruza jicho. Kusugua kukazidisha. Kidonda kitapona, kovu litabaki, na ukungu utabaki. Kitu kikiruka jichoni msisugue, msichokonoe. Funikeni bila kukandamiza, mje siku hiyo hiyo."

Kile kitambaa kilikuwa mkobani mwa mke. Alikuwa amekuja nacho, eti amkande njiani. Alijichukia.

Sasa fundi hawashi mashine bila miwani. Wenzake waliokuwa wakimcheka na kumwita rubani kwa ajili ya miwani hiyo nao wanavaa, na hakuna tena aliyeumia.

Mwezi uliofuata binti yao alivimba kope. Mama alimbeba mbiombio hadi zahanati. Muuguzi alimulika, akatabasamu.

"Hii sasa ndiyo chokea. Mkande kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, usiiminye."

Nyumbani mama alikichovya kitambaa, lakini mkono ulikataa kusogea.

"Lete," mumewe alisema.

Akakaa karibu na mtoto, akageuza shingo mpaka jicho la kushoto likamwona, ndipo akaanza kumkanda.