Pumzi ya Silinda ya Tatu

Sogeeni wanangu, sogeeni motoni, na wewe hapo acha kugongagonga kikombe. Hadithi hii ina mahali pa kusikiliza pumzi. Kimya. Haya.

Huku kwetu Worcestershire alikuwako mjane, Winifred, sisi tukimwita Winnie. Bandani mwake mlikuwa na gari dogo la michezo, la kijani, lisilo na paa, la mwaka sitini na mbili. Lilikuwa la marehemu mumewe, Desmond. Tangu azikwe, miaka sita, halikuwashwa, lilifunikwa shuka tu. Na kila asubuhi shuka lile lilikuwa na unyevu mahali pamoja, juu ya boneti, kama kioo kilichopumuliwa.

Winnie hakumwambia mtu. Naye siku hizo kifua kilimbana, ngazi tano tu anatweta.

Jumamosi moja mchana, mvua inanyesha, akaja Clifford, mdogo wake Desmond, fundi mstaafu. Alitaka gari lile limpeleke kanisani Rosalind, binti wa Winnie, siku ya harusi.

"Shemeji, kaa kwenye usukani. Tupime kompresheni kwanza, yaani mgandamizo wa hewa kwenye silinda, tujue injini ina nguvu au ina kiburi tu."

"Kama mwenyewe Desmond," Winnie akacheka.

Clifford akafunga betri mpya, akatoa plagi zote nne, akakaza kipimo kwenye tundu la silinda ya kwanza. Winnie akakanyaga mafuta mpaka chini, akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, chuf, chuf, chuf.

"Mia na arobaini! Bibi huyu ana mapafu kukushinda, shemeji."

La pili, hivyo hivyo. La tatu, mshale wa kipimo ukapanda, ukashuka. Ukapanda tena.

"Zima, shemeji."

"Nimezima, Cliff. Ufunguo huu hapa mkononi."

Mshale ukapanda taratibu, ukashuka taratibu, na banda likajaa harufu ya peremende na tumbaku ya kiko. Clifford akamtazama shemeji yake. Kila mshale ulipopanda, Winnie alikosa hewa, midomo ikawa ya buluu.

"Ni yeye," Winnie akanong'ona. "Hakuamini vipimo, unamjua. Alizoea kuchomeka bomba la mpira kwenye tundu la plagi, akipuliza kwa mdomo, akisikiliza hewa inatorokea wapi. Siku ile nilimkuta amepiga magoti, mpira mdomoni, kichwa juu ya gari. Nikadhani anasikiliza, kumbe anakata roho. Nikatoka kwa kunyata nisimsumbue, Cliff. Saa nzima nilimwacha."

"Winnie," likasema tundu la tatu, kwa sauti ndogo, ya karibu. "Winnie, bado nasikiliza."

Clifford akarudi nyuma hadi ukutani. "Nikamwite padri?"

"Amwambie nini? Desmond kanisani hakwenda hata Krismasi."

"Shemeji, anavuta pumzi zako! Kipimo kina kitufe cha kutoa hewa. Kibonyeze atoke."

"Mwache kidogo tu."

"Utakufa!"

"Basi nife naye."

"Na Rosalind aende kanisani na nani? Na mimi, mzee ninayelia kwenye harusi za watu baki?"

Winnie akashuka garini, akishikilia mlango, kisha kioo, kisha boneti, na kila hatua mshale ulipanda zaidi na kifua chake kikazidi kubana, na ile sauti ikamwita kwa majina yote ya chumbani ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, ikimsihi asibonyeze, ikisema humo ndani ni giza na baridi na pumzi yake ndiyo blanketi, naye akilia bila sauti kwa kuwa hewa ya kulilia haikuwepo, akainama, akabusu chuma kile kilichojaa grisi, akaweka kidole.

"Nisamehe, mpenzi. Siku ile ningekugusa bega."

Akabonyeza.

Ikatoka pumzi moja, ndefu mno, ya uvuguvugu, ikampita shavuni. Mshale ukalala sifuri.

Gari alirithi Rosalind, akaenda nalo kanisani likivuta kwa silinda tatu, na ile ya tatu haikupona kwa fundi yeyote. Spana alirithi Clifford. Winnie alirithi kifua chake mwenyewe, kikavuta hewa safi miaka kumi na moja zaidi, na kila alipoishusha aliniambia mimi jirani yake, "Hii nayo ilikuwa yake."