Dorika na Filimbi ya Pili

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mlima Kwaraa, Dorika alikuwa ameshafagia uwanja, ameshaosha vyombo na ameshagombana na mdogo wake, Eliya. Kutulia kulimshinda. Uji alikunywa akiwa amesimama, viatu alivaa huku akitembea, na njia nzima kutoka kwao Maisaka hadi shuleni aliruka mitaro badala ya kupita kwenye vivuko.

"Huyu mtoto ana siafu miguuni," mama yake alizoea kusema.

Muhula huo kutotulia kwake kulizidi. Shule ilikuwa ikijiandaa kwa siku ya wazazi, na darasa lao, sasa la sita, lilipewa tena kazi ya halaiki, yale maonyesho ya viungo ya kundi zima. Kila mwanafunzi aliitamani safu ya mbele. Wa safu hiyo wangesimama kwa mikono, miguu juu, filimbi ya kwanza ikilia, na wangekaa hivyo bila kutikisika mpaka ilie ya pili. Asiyeweza angepewa tawi la kupunga pembeni. Mwaka uliopita Dorika alipunga tawi, tena alisimama mahali pamoja mpaka akajiona naye amekuwa mti. Hakuwa tayari kurudia.

Siku ya kwanza ya mazoezi alifunga sketi yake vizuri juu ya bukta, akarusha miguu kwa nguvu zote, na akaanguka chali.

"Gunia la mahindi limeshuka!" alipiga kelele Luqmani, mchekeshaji wa darasa. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Romana, rafiki wa Dorika, alisimama kwa mikono, wima kama mlingoti. Aliposhuka, Dorika alimvuta kando.

"Nifundishe basi, Romana."

"Rusha tu miguu, usiogope."

"Nani anaogopa? Mimi nadondoka!"

"Sasa dondoka polepole," alisema Romana, wakacheka wote wawili. Lakini moyoni Dorika hakuwa akicheka.

Siku zilizofuata hakugusa mazoezi. Kila alipokumbuka kicheko cha uwanjani alipata shughuli nyingine. Jumamosi ilipofika akaona muda unakwisha, akaamua kuumaliza ujuzi wote siku hiyo hiyo. Mama yake alikwenda sokoni, akamwachia maharage jikoni.

"Uyaangalie yasiungue," alimwambia.

Dorika akajaribu kwenye nyasi, akajaribu penye kokoto, akajaribu kwa kukimbia kutoka mbali. Mchana mikono ilikuwa ikimuuma, naye akazidisha. Mwisho akaona ukuta wa jikoni unafaa. Akarusha miguu, mguu mmoja ukashika ukuta, wa pili ukalipiga sufuria. Maharage yote yakamwagika mchangani, na kwa bahati tu hayakumuunguza.

Mama aliporudi alisimama mlangoni na kikapu mkononi.

"Dorika! Haya maharage yamejimwaga yenyewe?"

"Mama, Eliya alikuwa anapita..."

"Mimi?" Eliya aliruka. "Mimi nilikuwa kwa akina Praygod tangu asubuhi!"

Dorika hakujua aweke wapi uso wake. "Ni mimi, mama. Nilikuwa nafanya mazoezi. Nisamehe. Na wewe Eliya, nisamehe."

Mama aliweka kikapu chini. "Umesema kweli, ingawa umechelewa. Lakini nisikuone tena na miguu juu karibu na jiko langu."

Usiku huo walikula ugali kwa chumvi.

Jumatatu viganja vya Dorika vilikuwa vimevimba hata kalamu haikushikika. Mwalimu Xaveria, mwalimu wa michezo, alimwona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mikono imefanya nini?"

Dorika alimweleza yote, hata habari za maharage.

"Jumamosi kutwa nzima," alisema mwalimu. "Na Ijumaa?"

"Sikufanya, mwalimu."

"Alhamisi?"

"Sikufanya."

"Kumbe kazi ya muhula mzima ulitaka kuifanya kwa siku moja! Mikono ipone kwanza. Kisha uje kila asubuhi, baada ya usafi, kabla ya kengele ya mstarini. Utatumia ukuta wa darasa la pili. Tumbo litazame ukuta, vidole vitanuke, miguu ipande taratibu. Nikisema basi, ni basi."

"Kidogo hivyo, mwalimu?"

"Kidogo hicho hicho, lakini kila siku."

Kilichomtesa Dorika ni lile neno "basi". Kila mara lilimkuta mwili umeshachemka, anataka kuendelea. Kulikuwa na asubuhi za baridi, ukungu umefunika paa za shule na ukuta umelowa. Wenzake walikuwa wakicheza rede huku yeye akitazama rangi iliyobambuka ukutani, kichwa chini.

"Sioni tofauti yoyote!" alilalamika siku moja, machozi yakimlengalenga.

"Zamani uliporomoka kama tofali," alisema mwalimu. "Leo umeshuka mwenyewe, mguu baada ya mguu. Hiyo nayo si tofauti?"

Dorika akafuta uso. Kesho yake alirudi. Pole pole mabega yakaacha kutetemeka. Kisha kisigino kimoja kikaachana na ukuta, na siku nyingine visigino vyote viwili, kwa muda wa pumzi moja, halafu pumzi kadhaa.

Siku ya kuchagua safu ikafika. Kila mmoja alipewa nafasi mbili. Filimbi ya kwanza ikalia, Dorika akapanda, lakini akageuza macho kuona nani anamtazama. Palepale akaanguka. Wengine wakaguna. Miguu ikataka kutoka uwanjani.

Hakutoka. Alikung'uta vumbi viganjani, akatanua vidole, akangoja.

Filimbi ikalia. Akapanda taratibu, macho yakatazama ardhi katikati ya mikono yake. Kila kiungo kilitaka kwenda mahali, mgongo ulitaka kupinda, kisigino kilitaka kupiga teke. Dorika alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Filimbi ya pili ilichelewa mno, au ndivyo alivyoona. Ilipolia, alishusha mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama.

Hata Luqmani alipiga makofi.

"Dorika, safu ya mbele, mwisho kabisa kushoto," alisema Mwalimu Xaveria. Kisha akawageukia wote. "Nguvu mnazo nyote, na hamu mnayo. Dorika aliumia alipotaka kupata kila kitu kwa siku moja. Amefaulu kwa sababu alirudi kila asubuhi, hata asubuhi zile alizorudi akiwa hana hamu. Masomo yenu yako hivyo hivyo. Mnaokesha mkisoma siku moja kabla ya mtihani, mmenisikia?"

"Tumekusikia, mwalimu!"

Wenzake walipotawanyika, Dorika alibaki akichezesha mguu mmoja.

"Mwalimu, kwa kuwa nimeshachaguliwa, kesho asubuhi nije?"

Mwalimu Xaveria alimtazama.

"Wewe unaonaje?"

"Nitakuja," alisema Dorika, akaondoka mbio.