Waridi Kwenye Maji ya Rubondo

Maji ya pampu ya Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi, hunuka kutu, na Orpa alikuwa ameyanywa hivyo kwa miaka tisa. Siku ya nne tangu arudi kutoka India, jerikeni lake lilinuka waridi bichi. Aliyamwaga, akalisugua ndani kwa mchanga, akateka upya. Waridi tena. Jirani yake Marthe alinusa, akasema yeye anasikia kutu tu, kisha akamtania kwamba Ulaya ya Wahindi imemharibu pua.

Orpa hakucheka. Harufu ile aliijua ilikotoka.

Alikuwa amemsindikiza Hajati Hafswah, muuza vitenge wa mjini Mbarara ambaye Orpa alikuwa akimfulia nguo, hadi Bhopal kutafuta tiba. Hajati alikuwa amepoteza mimba tatu, na kabla ya kila moja, alisema, alisikia njuga za miguuni zikimfuata chumba hadi chumba. Orpa, ambaye mimba yake ilikuwa bado changa, alimbebea mkoba. Mji ule ulimpendeza: maziwa mapana ya maji kati ya majengo, adhana na kengele za mahekalu zikipokezana, wanawake wa sari na wa buibui wakibishana bei kwenye kibanda kimoja cha vitamu vya jilebi. Hajati alimwita dada mbele ya watu. Hakuna aliyewahi kumwajiri akamwita hivyo.

Alhamisi moja walikwenda kwenye kaburi la walii mmoja, lililofunikwa kwa mawaridi yaliyolowa. Mzee mwenye daftari alisema neno, Hajati akamgeukia Orpa: taja jina lako, na la mama yako. Orpa akayataja papo hapo. Miaka tisa, katika kila dirisha la ofisi za wakimbizi pale Base Camp, kila mwenye karatasi alimuuliza hayo hayo, na aliyeuliza ya nini alirudishwa mwisho wa foleni.

Sasa njuga zilikuwa Rubondo, mchana kweupe, zikimfuata kutoka pampuni hadi shambani, zikisimama aliposimama, zikinyamaza alipogeuka, mpaka siku alipoinama kupalilia maharage akaona, kando ya nyayo zake kwenye udongo laini, nyayo nyingine nyembamba ambazo visigino vyake vilitangulia mbele, na mtoto tumboni, aliyekuwa ameanza kucheza wiki ile ile, akatulia kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Kesho yake alikwenda Mbarara. Hajati alikuwa dukani, amenawiri, mkono juu ya tumbo.

"Hajati, ulinipa nini kule?"

Hafswah alitazama mlango kwanza, kisha akamwita bibi kwa lugha ya pale. "Mimi sikukupa, nyabo. Ulitaja jina yako na ya mama yako mwenyewe. Mtu akitaja bila kuuliza ya nini, ile ya njuga inamfuata yeye."

"Uliniita dada."

"Ningepeleka nani? Mwingine angeuliza."

Orpa alimwomba airudishe. Hafswah akasema taratibu, kama anayemweleza mteja kwamba kitambaa kimekwisha, kwamba yeye jina lake hatalitaja tena mbele ya mtu yeyote maishani.

Orpa alirudi Rubondo jioni, jua bado lipo. Alipitia kwa Marthe kuchukua daftari la akina mama wa kanisa, maana yeye ndiye katibu, akaenda pampuni kuteka maji. Njuga zilikuwa hatua mbili nyuma yake. Pale pampuni alikuwepo msichana asiyemjua, mgeni, viatu bado vina vumbi jekundu la safari, tumbo limeanza kuonekana. Msichana aliona daftari. Akaacha mpini wa pampu, akanyoosha mgongo.

"Miye naitwa Chantal," alisema. "Mama yangu..."

Kikohozi kilimkata. Aliinama, akakohoa sana, akajifuta mdomo kwa kanga.

Njuga zilinyamaza. Ilikuwepo nafasi ya kutosha kumwambia asiendelee, asimjibu mwenye karatasi yeyote, au walau aulize ya nini. Ndani ya Orpa mtoto alijigeuza, polepole.

"Mama yako ni nani?" Orpa akauliza. Msichana akamtaja, bila kuuliza ya nini.

Maji aliyobeba kwenda nyumbani yalinuka kutu.