Mwenye Kidaka

Siagi ndiyo iliyoanza. Asubuhi moja Zaina alifungua friji akaikuta imeng'atwa. Haikukatwa kwa kisu wala kuchotwa kwa kijiko. Iling'atwa, kama mtu ang'atavyo embe, na alama za meno zilisimama juu yake wazi kabisa: ndogondogo, za kubanana, nyingi kuliko zinavyoweza kuenea kinywani mwa mja.

"Njaa ilikuzidi hata ukakosa kisu?" alimuuliza mumewe.

"Mimi? Mwenye mimba nani humu ndani?"

Wakacheka. Mikidadi akaitupa siagi, akavaa kofia yake ya kazi, akaenda sokoni kunusa.

Kunusa ndiko kulikompa mkate. Alikuwa Bwana Afya wa wilaya, na hapakuwa na pweza aliyeingia soko la Bagamoyo bila kupita chini ya pua yake. Alichokikataa kilimwagiwa mafuta ya taa papo hapo mbele ya mwenyewe na mashahidi wawili, maana Serikali haimhukumu pweza bila mashahidi.

Nyumba aliyoishi ilikuwa ya mawe, ya ukoo wa Muhanna, kabla majengo ya namna ile hayajachukuliwa yakawa mali ya umma. Umma, katika nyumba hii, ulikuwa Mikidadi na mkewe. Bi Shaikha, mtu wa mwisho wa ukoo ule, alipewa chumba ng'ambo ya kichochoro, akawa jirani wa nyumba aliyozaliwa. Hakulalamika. Kila asubuhi aliketi barazani kwake akaitazama nyumba, na nyumba, kama alivyosema Zaina, ikamtazama.

Mikidadi alikuwa amehudhuria semina mjini Dar es Salaam kuhusu jiko la kisasa. Mtaalamu mmoja, aliyeletwa kwa ndege kutoka nchi ya theluji, aliwaeleza kwa picha kwamba mama wa Kitanzania anamaliza nusu ya umri wake akitembea baina ya meko na kabati, na kwamba dawa yake ni kuchomeka kila kitu ukutani: kabati humo, sinki humo, friji humo, kila chombo na tundu lake, sakafu ibaki wazi. Wajumbe walipiga makofi sana. Wengi wao hawakuwa na friji.

Mikidadi alikuwa nayo, tena imesimama katikati ya jiko la uani kama mgeni aliyekosa kiti. Jiko lenyewe lilikuwa dogo, lakini ukuta wake wa nyuma ulikuwa mnene kama wa ngome, na ndani ya ukuta ule palikuwa na kidaka, shimo refu la kuwekea vyombo, cheusi kwa moshi wa miaka. Friji ingekaa mle kama mtoto mgongoni mwa mamaye.

"Kidaka hicho kina mwenyewe," Bi Shaikha alimwambia alipoona mchanga na simenti vinashushwa. "Tangu babu, wali ukipakuliwa, sahani ya kwanza huwekwa humo ikifuka. Ikipoa wanapewa kuku. Yeye hula mvuke tu, baba. Hana makuu."

"Chakula wazi, Bibi? Na nzi je?"

"Nzi hawajapata kuigusa sahani ile hata mara moja. Hujiulizi kwa nini?"

Mikidadi hakujiuliza, ila alikuwa mtu wa taratibu. Alibandika tangazo kwenye mlango wa jiko: mwenye pingamizi juu ya kidaka ajitokeze ofisini saa za kazi. Hakujitokeza mtu. Halikumpitikia kwamba pengine mwenyewe hakujua kusoma; kisomo cha watu wazima kilikwisha fika mpaka Kerege, lakini ndani ya kuta kilikuwa hakijaingia. Basi fundi Majaliwa akakipanua kidaka kwa tindo, akaisukuma friji mle, akaziba pembeni kote kwa simenti pasipite hata wembe.

"Sasa hapa, Bwana Afya," alisema akijipangusa mikono, "hata harufu haitoki."

Baada ya siagi yakafuata maziwa. Yalifanya kitu juu, na kitu kile hakikuwa utando. Kilikuwa ngozi. Kilikuwa na vinyweleo. Zaina alipokigusa kwa ncha ya kijiko kilisinyaa, kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa akiguswa na mkono wa baridi, na Zaina akakimbilia uani kutapika. Kisha wali uliolala humo ulikutwa umetafunwa ukarudishwa bakulini, mtepetevu, unavuta mate kama mlenda, tena una uvuguvugu, ilhali maji ya kikombe kilicho kando yake yameganda jiwe. Mlango ulipofunguliwa hewa haikutoka kama ya friji. Ilitoka kwa mkupuo, yenye unyevu, ikanyamaza, ikatoka tena, kama pumzi ya mtu aliyekusogelea mno na hajapiga mswaki tangu enzi ya Mjerumani.

Mikidadi alifanya yote aliyofundishwa. Aliisugua friji kwa dawa ya ofisini hata mikono ikamchubuka, akaichomoa umeme, akaiacha wazi kutwa nzima. Harufu iliongezeka. Aliita fundi wa umeme, naye akachungulia, akagonga hapa na pale, akafunga mkoba wake upesi.

"Mashine nzima kabisa, mzee. Ila tu..."

"Ila nini?"

"Ila mimi usiniite tena."

Halafu Zaina akaacha kulalamika, na hilo ndilo lililomtia Mikidadi hofu ya kweli. Mwanamke aliyekuwa akiziba pua kwa khanga alianza kukaa jikoni muda mrefu. Chakula cha moto akawa hakitaki, alisema kinamchoma. Alikonda uso, shingo, mikono, pande zote isipokuwa tumbo. Majirani walisema ni mimba hiyo, mwingine hutamani udongo, mwingine mkaa, mwache. Mikidadi angependa kumwacha. Lakini mimba ya kwanza walikwisha kuizika, bado haina jina, na tangu siku ile alikuwa akiihesabu kila punje aliyokula mkewe.

Siku moja alirudi nyumbani jua la utosi, saa ambayo wazee hukataza watoto wasipite vichochoroni, akakuta mlango wa mbele umerudishwa na nyumba kimya, kimya chenye kitu ndani yake, na alipokaribia uani akasikia sauti ya mtu anakula, ile ya ulimi na midomo, ya mtu mwenye raha na chakula chake, na kila sauti moja ilifuatwa na nyingine nzito zaidi, ya pili yake, kana kwamba wanakula wawili, mmoja jikoni na mmoja ukutani. Akasukuma mlango. Zaina alikuwa amepiga magoti mbele ya friji iliyo wazi, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, akitoa matonge ya samaki changu aliyekwisha kuwa uji wa kijani, na mafunza yalikuwa yakimtambaa kifundoni naye akiyakusanya kwa ulimi moja moja, kwa utulivu, kama mtoto alambaye asali; kisha akageuka akamtabasamia mumewe kwa meno yenye magamba, na nyuma yake, mle ndani ya baridi, ile sauti nyingine haikukoma kutafuna.

"Karibu," alisema Zaina. "Kimebaki kidogo."

Alipomnyanyua, tumbo lake lilimgusa kifuani. Lilikuwa baridi kama samaki wa barafu.

Akamwita mkunga. Mkunga alipapasa, akapapasa tena, akatega sikio. "Mtoto hachezi," alisema akiwa hamtazami. "Nenda kwa Bi Shaikha. Mimi hapa sina kazi."

Bi Shaikha alikuwa barazani, kama siku zote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Naivunja friji ile sasa hivi. Namwita Majaliwa, tunaing'oa na ukuta wake."

"Uing'oe, naye apite wapi? Milango yake yote umeitia simenti." Bi Shaikha akashusha sauti. "Umebaki mmoja tu ulio wazi, na mlango huo una mimba."

Mikidadi akaketi chini, vumbini, na sare yake. "Basi nimlete Sharifu wa msikitini amsomee."

"Mlete, Qurani haikosi baraka. Lakini huyu ni Muislamu kukushinda wewe, baba. Ataitikia amina, kisha ataendelea kula."

"Sasa anataka nini? Kama ni haki yake ya... ya kidaka, nitamwandikia..."

"Utamwandikia!" Bibi akacheka kidogo, bila furaha. "Sikiliza. Alikuwa mtu wa mvuke, mtu wa heshima. Wewe ukamfungia gizani na viporo vya baridi. Kwetu unayemtupia viporo peke yake umemfanya mbwa, na mbwa hula anachokipata. Huyo hafukuzwi. Kaa naye sinia moja. Mkishakula chumvi pamoja hawezi tena kumgusa mwanao, dini yake haimruhusu."

"Nipike nini?"

"Hupiki kitu. Utakula alichobakiza. Naye si alikula ulichombakizia?"

Mikidadi, aliyetia mafuta ya taa pweza wa nusu ya pwani, alivua kofia yake ya kazi akaiweka vumbini. Ng'ambo ya kichochoro Zaina alianza kuimba taratibu, wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa sauti nene isiyokuwa yake.

Akainuka.

Maghrib ilipoadhiniwa Bi Shaikha alitandika mkeka jikoni, akaweka sinia, akaketi mlangoni ameshika tasbihi. Mikidadi ndiye aliyepakua. Wali mwingine uliotafunwa, maziwa mengine yenye ngozi, uji wa changu, na kipande cha nyama ya mbuzi kilichojificha nyuma kabisa, chenye manyoya ya kuvu na maji ya zambarau. Alivimimina vyote pamoja. Vilishuka kwa sauti ambayo hakupata kuisikia katika kazi yake yote.

"Mkaribishe," alinong'ona Bi Shaikha.

"Karibu," alisema Mikidadi. "Karibu chakula. Bismillahi."

Akafumba macho, akafinyanga tonge, akalitia kinywani. Lilikuwa vuguvugu na lilikuwa na mwendo; kitu kilipasuka baina ya magego yake kikamwaga uchungu na chumvi, kingine kikajiviringisha chini ya ulimi kikitafuta pa kutokea, akameza, akafinyanga la pili, na alipopeleka mkono siniani mara ya tatu, akakuta mkono mwingine mle, wenye vidole virefu vilivyoteleza kama ngisi, vikichota taratibu upande wao, bila pupa, na vilipogusana na vyake havikukwepa bali vilimpisha, kama afanyavyo mtu aliyelelewa vizuri. Akala. Machozi yalimtiririka yakaingia chakulani, akayala nayo. Aliuma kitu kigumu, akakitema kiganjani: kilikuwa jino, dogo, na halikuwa lake. Akala. Sinia ikawa inapungua pande zote mbili, na mle jikoni hapakusikika ila ule ulimi na ile midomo, miwili ya huku na miwili ya kule.

Ndipo kutoka chumbani ukaja ukelele wa Zaina, sauti yake mwenyewe, ya siku zote.

"Mume wangu! Anacheza! Njoo uguse, tumbo lina moto, anacheza!"

Mikidadi akalia kwa sauti, akashukuru Mungu, akajaribu kuinuka. Goti moja likawa limekwisha kuacha mkeka.

Lakini siniani kulibaki kile kipande cha mbuzi. Aliona kinajisogeza. Kilipita juu ya bati kwa kujikwaruza, kikiacha njia ya utelezi nyuma yake, taratibu, kwa ukarimu, mpaka kikasimama upande wake yeye, chini ya kidevu chake. Hapana mtu wa pwani asiyejua maana yake. Mwenye nyumba hali kinofu. Humsogezea mgeni wake.

Bi Shaikha aliacha kuvuta tasbihi. Aliitazama nyama, akamtazama Mikidadi, na kwa mara ya kwanza uso wake ulimwonea huruma.

"Kula, baba," alinong'ona. "Keti ule. Usije ukamchusha mwenye nyumba."