Saa za Katikati

Rogathe alikuwa na chupa ya dawa ya mtoto mkononi, na alipaswa kwenda nayo nyumbani moja kwa moja. Elirehema, mwanawe wa pekee, alikuwa anachemka kwa homa tangu mchana, kaachwa kwa jirani yao Lukia. Lakini orodha ya saa za kazi ilitakiwa kesho. Tajiri mpya, aliyeuziwa shamba la mkonge na serikali, alisema mwenye saa chache anaondoka, na karani, yaani yeye Rogathe, asipomaliza anaondoka pia. Miaka ile nani alichezea kazi?

"Dakika tano tu," akajiambia. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Akajifungia ofisini, akawasha jenereta, akawasha kompyuta. Macho yakaenda yenyewe kwenye jina la Athumani.

Athumani, Muha wa Kigoma, alikuwa zamu ya usiku kwenye mashine ya kusindika. Rogathe aliandika saa kama sote tunavyozisema: kuingia 12:00, kutoka 12:00. Kompyuta ikatoa kumi na mbili kwenye kumi na mbili, ikapata sifuri. Miezi mitatu, sifuri! Athumani akafukuzwa kwa utoro, yeye ambaye hakukosa hata siku moja. Wiki haikwisha, akakutwa anaelea kwenye bwawa la maji machafu ya mkonge. Kosa Rogathe alishaligundua. Akanyamaza, mwoga yule, kisije kikaota nyasi kibarua chake.

Harufu ikaingia. Maji ya mkonge yaliyooza...

"Mama Eli..."

Mtu ananong'ona dirishani.

"Niliingia saa kumi na mbili. Nikatoka saa kumi na mbili. Za katikati umezipeleka wapi?"

"Nisamehe, Athumani! Nasahihisha... nasahihisha sasa hivi."

Akaandika kuingia 18:00, kutoka 6:00. Kisanduku kikajaa vimistari vilivyokatana kama wavu.

"Inakataa!"

"Ongeza siku moja," sauti ikasema taratibu. "Mimi nilikuwa natoka kesho yake."

Akaongeza moja. Ikatokea 12.

Kisha, kwa upole kabisa:

"Ahsante, mama. Basi hizo nimeshazichukua."

Alipoinua kichwa, dirisha lilikuwa jeupe.

Kengele ya zamu ya asubuhi ikalia. Nje watu walikuwa wanaingia kazini, majembe begani. Jenereta bado ilinguruma, na dizeli yake haikuwahi kufikisha hata muda wa saa tatu.

Alikimbia kama kichaa. Lukia alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Ulikuwa wapi, Mama Eli? Mtoto kakuita usiku kucha! Tumekuja ofisini mara mbili, giza, pamefungwa. Alfajiri ndiyo katutoka."

"Dakika tano, Lukia! Haki ya Mungu, nimekaa dakika tano!"

Lukia akaitazama ile chupa ya dawa, haijafunguliwa, akageuza uso. Mpaka leo, pale kambini, hakuna anayemwamini.